Alteneta haipimwi kwa kuchomoa betri

Imetosha sasa. Hapa Arusha, kuanzia Unga Limited hadi Kwa Mrombo, bado kuna watu wanawasha gari la mteja, wanalegeza nati kwa spana namba kumi, wanachomoa terminali ya betri injini ikiunguruma, halafu wanatoa hukumu: likizima, alteneta (mashine inayozalisha umeme na kuchaji betri) imekufa, lisipozima, alteneta nzima, kanunue betri. Wiki hii nimeletewa Noah ya zamani iliyopimwa hivyo. Ni ya mama anayepeleka mboga soko la Kilombero alfajiri. Ilikuwa na alteneta dhaifu tu. Baada ya hicho kipimo ikawa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, iliyoungua pia, na bei ya hiyo boksi ni maumivu matupu.

Injini ikizunguka, betri haikai tu ikisubiri kuchajiwa. Ndiyo inayomeza volti zinazoruka. Ukiichomoa wakati alteneta inasukuma ampia nyingi, sumaku ya rota, sehemu yake inayozunguka, haifi papo hapo. Umeme unakosa pa kwenda, na volti zinaruka hadi makumi kadhaa kwa sehemu ya sekunde. Hapo daiodi (vipitisho vya umeme vya upande mmoja tu, ndani ya alteneta), redio au kontroli boksi vinaweza kwenda. Enzi za dainamo na kabureta vitu vya kuungua vilikuwa vichache. Gari lako lina kompyuta, hata kama bodi imechoka.

Na tuseme hakuna kilichoungua. Jibu ulilopata bado ni la uongo. Alteneta ina daiodi sita au zaidi. Ikikatika moja, umeme unaobaki unatosha kabisa plagi ziwake, hivyo gari halizimi na unaambiwa alteneta ni nzima. Unapotembea usiku na taa kubwa, feni na waipa, alteneta hiyo haitoshi, betri inaliwa kidogo kidogo, na asubuhi ya Julai yenye baridi la hapa stata inalia tik-tik-tik. Unanunua betri mpya. Nayo inakufa. Dizeli za zamani ndiyo kabisa: pampu yake ni ya kimakanika, inahitaji umeme kidogo tu wa kufungua mafuta. Lisipozima umejifunza nini?

Chukua mita. Gari likiwa limelala, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Liwashe: unataka 13.8 hadi 14.5. Washa taa kubwa na feni, kanyaga mafuta kidogo. Ikishuka chini ya 13 na kubaki huko, kuna neno. Ikipita 15, katauti (kidhibiti cha volti za alteneta) imeharibika na maji ya betri yatachemka. Mkanda unaozungusha alteneta, ukilegea, mnaujua, sirudii.

Kabla hujagusa spana, fungua swichi bila kuwasha injini na utazame taa ya betri kwenye dashibodi. Lazima iwake. Katika magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha rota unapita kwenye balbu hiyo hiyo. Balbu ikiungua, alteneta nzima inalala usingizi. Nimeona watu wakinunua alteneta ya mtumba kwa sababu ya balbu.

Kinachoniudhi zaidi ni waya, kwa sababu hakuna anayezipima. Injini inaunguruma, taa zinawaka: weka ncha moja ya mita kwenye bolti kubwa ya alteneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Ukiona zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani, kwenye waya uliooza au terminali yenye ukungu wa kijani. Rudia kati ya bodi ya alteneta na hasi ya betri. Hapo isizidi 0.2. Eathi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, imeua sifa za alteneta nyingi nzuri. Kusafisha kwa msasa hakumalizi hata nusu saa, na ukifunga alteneta mpya juu ya eathi hiyo mbovu, itaonekana mbovu vilevile.

Daiodi ndizo ngumu. Kanuni ni kupima kwenye betri, injini ikiunguruma, kwa volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi, ambao daiodi nzima hugeuza kuwa wa upande mmoja), na ikizidi 0.5 uzishuku. Lakini mita nyingi za bei rahisi zinadanganya: ziweke AC kwenye betri ya gari lililozimwa, utaona zinaandika hata 28! Mita ya hivyo haifai kwa kazi hii. Hata kwa mita nzuri, gari likisoma 0.4 sitoi hukumu haraka.

Halafu kuna alteneta inayochaji vizuri ikiwa baridi na kuanguka ikipata moto. Mara nyingi ni brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye rota) zilizoisha au katauti. Kwenye Hiace za dizeli zenye pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, angalia pia kama sili imevuja na oili imelowesha brashi. Kuanguka huko kwa moto hukuoni gari likiwa limesimama gereji. Napitisha waya za mita dirishani, nawasha kila kitu, tunapanda barabara ya Namanga mpaka injini ishike moto vizuri, na abiria anasoma namba kwa sauti.