Dhambi ya asili siyo laana ya ukoo

Hapa Bukavu, na nafikiri Goma ni vile vile, kesha ya maombi haiishi bila mtu kutaja dhambi ya asili. Dada hajaolewa, ni dhambi ya asili. Biashara ya kaka imeanguka tena, ni dhambi ya asili, babu alikuwa anaenda kwa waganga, sasa inabidi familia nzima ifunge na iombewe ili hiyo kitu ivunjwe. Juzi mtu ninayemheshimu sana amesema vile vile mbele ya vijana wanaojitayarisha kubatizwa, njo maana naandika.

Maana yake ni fupi. Dhambi ya asili ni ile hali tunazaliwa nayo wote tangu Adamu: tumetengana na Mungu, na moyo unavutwa kwenye mabaya hata kabla hatujatenda kitu. Soma Warumi 5, soma Zaburi 51. Mungu hakuumba mtu mbaya, aliumba akaona ni chema sana, uharibifu ulikuja nyuma.

Sasa ile laana ya ukoo watu wanaogopa, hiyo iko na jina la familia. Wanasema inafuata watoto wa kwa fulani na kuwaacha wa jirani. Dhambi ya asili haina ukoo wala kabila, haihesabu vizazi, haina haja ya babu aliyeenda kwa mganga. Maji ikichafukia kwenye chanzo, bidoni zote za Kadutu zitajaa maji chafu, na huwezi kuchukua moja tu ukasema hii njo iko na shida, tuioshe. Na siyo kosa ulilotenda wewe, katekisimu ya Wakatoliki inasema wazi ni hali tunayoipokea, siyo kitendo chetu.

Najua watu watanitolea Kutoka 20:5, Mungu anapatiliza uovu wa baba mpaka kizazi cha tatu na cha nne. Sawa, lakini mstari huo unasema ni wale wanaomchukia, na unaofuata unaongea rehema kwa maelfu. Halafu fungua Ezekieli 18, pale Israeli walikuwa na methali yao kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi, Mungu akawakataza kuitumia tena, mwana hatabeba uovu wa baba yake. Na Yohana 9, wanafunzi wanaona kipofu wanauliza nani alitenda dhambi, yeye ao wazazi wake, Yesu anajibu hakuna, si yeye si wazazi. Hilo ni swali letu kabisa, na jibu tunalo tangu zamani.

Kinachoniuma zaidi ni neema inavyopotea hapo. Kama ni mambo ya ukoo, basi mwenye ukoo safi hana haja ya neema, anakaa kwa utulivu juu watoto wake wameolewa na nyumba imejengwa, na yule dada anabebeshwa aibu ya mzee hata hakumjua, na bado anaombwa dola. Mambo haya, kama kuko mtu asiyekuwa na haja ya neema, yaligombaniwa hapa hapa Afrika: Pelagio, mwalimu mmoja wa Kikristo wa zamani, alikuwa anafundisha kwamba Adamu alituachia mfano mbaya tu, mtu anaweza kutii kwa nguvu zake mwenyewe, na Augustino, askofu wa Hippo, ile leo ni Annaba kule Algeria, akamkatalia, na maaskofu waliokutana Karthago mwaka 418 wakakataa fundisho hilo. Mwaka 529 mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Orange, kule Ufaransa, uliongeza kwamba hata mwanzo wa imani unatoka kwa neema. Wakatoliki na Waprotestanti hawasemi sawa juu ya kile kinachobaki nyuma ya ubatizo, lakini wote wanakubali dawa ni Kristo, na inatolewa bure, Waefeso 2:8.

Kwa hiyo wapendwa, kama unaamini kuko laana kwenye familia ya mtu, iite laana, hiyo tutaiongelea siku ingine na Biblia mkononi. Ila usimwambie yule dada kwamba dhambi ya asili njo inamzuia kuolewa. Iko naye kweli, lakini walioolewa nao wako nayo, mimi pia, na mtumishi anayemwekea mikono kwenye kichwa.