Redio uliyoiunga haiongei? Usikimbilie dukani kwanza

Hizi seti za kuunga redio mwenyewe, zile za kutuma morse (herufi kwa milio mifupi na mirefu) kwenye mawimbi ya mita 40, zinazokuja kwenye kifuko cha nailoni na bodi yake na vipande vyake vyote, siku ya kuwasha kuna mawili, ama inaongea ama inakutumbulia macho. Ikikutumbulia macho ndo ushauri unaanza kumiminika, na mwingi wake ushanitia hasara mimi mwenyewe kwa hiyo naandika nikiwa na uchungu kidogo.

"Haiongei, basi aisii (chipu ile nyeusi yenye miguu mingi) imekufa, kanunue nyingine"

Hii ndo mama yao. Ukweli ni kwamba vipande vingi vinatufikia vikiwa vizima, kinachokuja kuviharibu ni mikono yetu. Mara nyingi sana utakuta mguu haujashika risasi (waya wa kulehemu) vizuri, au kitu kimekaa tundu la jirani yake, au kimegeuzwa kichwa chini. Kabla hujatoa hela chukua lenzi na tochi, pitia bodi nzima mguu kwa mguu. Risasi iliyoshika inapanda mguu kwa mteremko kama kichuguu, iliyokataa inakaa kama kidonge cha duara juu ya bodi, au unaona ufa mwembamba kuzunguka mguu. Hapo paka flaksi (dawa ya kufanya risasi ishike), gusa tena kwa chuma cha kulehemu cha nyuzi kama 350, sekunde mbili tatu, imeisha. Ila ile risasi ya kulehemu isiyo na madini ya risasi ndani yake (ndiyo, ipo) huwa imefifia hata ikiwa imeshika vizuri, usiihukumu kwa kukosa kung'aa.

Na kama bado unaishuku aisii ya sauti, tuseme ni LM386 ambayo imejaa kwenye redio hizi, iulize yenyewe. Weka mita (kipima umeme) mguu wa 6, unapata umeme unaoingia. Hamia mguu wa 5, unatakiwa upate karibu nusu yake, yaani kama mguu wa 6 una volti 12 wa 5 uwe kwenye 6 hivi. Afu shika chuma cha bisibisi kwa kidole na uguse mguu wa kuingizia sauti (wa 2 au wa 3, inategemea mchoro), spika ikinguruma hiyo aisii ni nzima, ugonjwa uko nyuma yake huko karibu na antena.

"Shaba ni shaba, waya wa koili unalehemu tu"

Hapa nilikwama wiki mbili. Redio yangu ilikuwa na ringi tatu nyekundu za kuzungushia waya, upande wa kwenda antena, nikazungusha vizuri kabisa nikalehemu, viungo vinang'aa utafikiri kioo. Kuwasha, nasikia shwaaa tu, hamna stesheni hata moja, na nikibonyeza kitufe cha morse hamna kinachotoka. Nikabadilisha transista ya mwisho, ile inayosukuma mawimbi kwenda antena. Nikaibadilisha tena, safari mbili za Kariakoo hizo na jua lile. Siku moja kwa hasira tu nikaweka mita kwenye mlio (inalia umeme ukipita), mkono mmoja tundu hili la koili na mwingine tundu la pili, kimya. Koili ya pili, kimya. Waya mfupi wa shaba, sentimita thelathini tu, unakataa kupitisha umeme!

Ule waya umepakwa rangi ngumu isiyopitisha umeme, ndo maana mizunguko inagusana bila kupiga shoti. Risasi inauzunguka inang'aa lakini haijagusa shaba hata chembe. Inabidi uikwangue kwa wembe au msasa mpaka shaba ionekane pande zote, uipake risasi kabla hujaingiza kwenye tundu, afu upime kwa mita tundu hadi tundu. Rangi nyingine zinaungua zenyewe ukiweka tone la risasi ya moto na kusubiri sekunde kadhaa, nyingine wala hazisikii, kwa hiyo mi nakwangua zote siku hizi.

Na mizunguko haihesabiwi kwa nje. Kila waya unapopita ndani ya tundu la ringi ni mmoja, hata ukipita mara moja tu moja kwa moja ni mmoja. Wengi wanapitisha wa kwanza hawauhesabu. Kwenye ringi ya T37-2, mizunguko 16 inatoa kama maikrohenri 1, ukiongeza mmoja unaruka mpaka 1.15 hivi, na chujio la kwenda antena linahama na hilo kosa.

"Transista ni transista, ubapa wake ukifuata mchoro wa bodi uko salama"

Uko salama ukiwa na namba ileile. Ukiweka mbadala ni hatari. BS170 na 2N7000 zinafanana sura na kazi zinakaribiana, ila miguu ya pembeni imebadilishana, ya kwanza inaanza mguu wa D (drain) inaishia wa S (source), ya pili kinyume. 2N3904 na BC547 hivyohivyo. Na kapasita nazo zina vituko vyake: ile ya kopo mstari unaonyesha hasi, ya tantalamu mstari unaonyesha chanya, aliyepanga hivi sijui alikuwa na ugomvi na nani. Koili ndogo ya maikrohenri 100 ina pete kahawia, nyeusi, kahawia, sawasawa na resista ya ohmu 100, mita ndo inakutolea ubishi maana koili inasoma ohmu chache tu.

"Kitu nilichokosea nikitoe kizima nikirudishe"

Mnh. Kile kitu ni cha bei ya pipi, bodi ndo huna nyingine. Aisii imegeuka? Ikate miguu yote kwa koleo dogo, afu vuta mguu mmoja mmoja ukiupasha moto. Tundu likiziba, yeyusha risasi afu chomeka kijiti cha meno, risasi haishiki mti. Wanaong'ang'ania kutoa nzima ndo wanaong'oa na kile kiduara cha shaba kwenye bodi, na hata hapo si msiba, fuata njia ya shaba mpaka kiungo kinachofuata uunge kwa kipande cha waya upande wa chini.

"Washa tu uone, ikitoka moshi utajua kosa liko wapi"

Moshi unakuonyesha aliyekufa, haukuonyeshi aliyemuua. Pima kwanza chanya na hasi za bodi bila umeme, mita ikilia bila kunyamaza kuna shoti, usiwashe. Afu mara ya kwanza unganisha taa ndogo ya gari ya volti 12 wati 5 kwenye njia ya chanya. Kukiwa na shoti taa inawaka yote na bodi inapona, kukiwa shwari haiwaki maana redio inaposikiliza inakula kidogo sana.

"Ni wati moja tu, jaribu kutuma bila antena, na leseni ya nini"

Bila mzigo, yaani antena au resista ya kupokea nguvu yake, transista ya mwisho inaweza kufa ndani ya sekunde. Chukua resista mbili za ohmu 100 wati 2, ziunge sambamba upate 50, zisiwe za kusukwa waya. Ndo utumie hizo mpaka uridhike. Na hewani, hata kwa nusu wati, unahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, Tanzania ni TCRA na Kenya ni CA. Yangu ilipopona ilikaa kwenye hizo resista kwanza, nikazigusa baada ya kubonyeza kitufe sekunde kumi, zilikuwa na joto, na sijawahi kufurahia kuungua kidole kama siku ile.