DNA iliyojikunja haiuzuii unakili kwa namna mnayodhani

"Unakili ukikutana na G-kwadrupleksi unakwama, na seli ndiyo basi tena." Kauli hii, kuhusu kunakiliwa kwa DNA kunapofika kwenye G-kwadrupleksi (fundo la uzi wa DNA wenye guanini nyingi, yaani herufi G, uliojikunja wenyewe), inarudiwa kila kukicha, na imetokana na majaribio ya mirijani. Weka polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, peke yake kwenye bafa yenye potasiamu ya milimola 100 kwa lita, na kiolezo (uzi wa DNA unaonakiliwa) chenye mafungu manne ya guanini tatu tatu. Kweli, itasimama karibu kabisa na fundo, kwa sababu potasiamu hukaa katikati ya miraba ya guanini na kuishikilia. Ondoa potasiamu, weka lithiamu: fundo linalegea, polimerasi inapita. Jaribio lisilo na mrija wa lithiamu wa kulinganishia halithibitishi kwamba kilichozuia ni fundo.

Ndani ya seli polimerasi haifanyi kazi peke yake. Helikesi (kimeng'enya kinachofungua DNA) FANCJ hufungua fundo ikitoka upande wa ncha ya 5′ ya uzi kwenda wa 3′. Helikesi BLM na WRN huja kinyume chake. Uzi ulioachwa wazi hufunikwa na protini RPA usijikunje upya. Fundo likigoma, kimeng'enya PrimPol huweka kianzio kipya mbele yake, kazi inaendelea, na pengo la nyuma hujazwa baadaye. Uma wa unakili, yaani mahali nyuzi mbili zinapotenganishwa ili zinakiliwe, ukisimama kabisa, vituo vya akiba vya kuanzia unakili, vilivyopakiwa helikesi MCM tangu awamu ya G1 kabla ya unakili kuanza, huwashwa jirani, na uma mwingine hulifikia eneo hilo kutoka upande wa pili.

Madhara huonekana helikesi inapokosekana. Minyoo wa C. elegans wasio na DOG-1, protini inayolingana na FANCJ, hupoteza vipande vya DNA vya besi (herufi) 50 hadi 300 kwenye mafungu ya guanini. Wanaishi, wanazaa, na kurithisha mapengo hayo. Hapo ndipo pa kuhofia.

"Maumbo haya ni kasoro." Hapana. Mfuatano TTAGGG wa telomea zetu, yaani ncha za kromosomu, unaweza kujikunja hivyo, na promota (swichi ya kuwashia) ya jeni MYC pia.

Na kuhusu herufi CAG zinazojirudia mfululizo kwenye DNA na kuchomoza kitanzi: "Marudio ya CAG huongezeka seli inapogawanyika tu." Neuroni, seli za neva, hazigawanyiki, lakini katika ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi unaotokana na marudio hayo, marudio huzidi kurefuka ndani yake mwaka hadi mwaka. Protini za ukarabati wa DNA MSH2 na MSH3, zinazofanya kazi kwa jozi, hushika kitanzi kilichochomoza, na ukarabati unaofuata huishia kuongeza besi. Kwa hiyo idadi iliyopimwa kwenye damu isisomwe kama idadi ya kwenye ubongo.