Je, wajua kwa nini herufi ya pointi 283 haifiki milimita 100?

Mteja mmoja mjini Kisumu aliwahi kuniomba nimwandalie maandishi ya vinili (plastiki nyembamba yenye gundi) ya kubandika kwenye mlango wa kioo wa duka lake, na sharti lake lilikuwa moja tu: herufi kubwa ziwe na kimo cha milimita 100. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Inchi moja ina milimita 25.4, na katika programu za usanifu inchi hiyo hugawanywa katika pointi 72, kwa hiyo milimita 100 ni pointi 283 na ushei. Nikachagua fonti (mtindo wa herufi) ya Arial, nikaandika 283, nikakata. Rula ilionyesha milimita 71 na nusu hivi.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba pointi hupima herufi. Kosa la pili, ambalo nililieneza kwa ujasiri kuliko lile la kwanza, lilikuwa kudhani kwamba hupima kuanzia kichwa cha «h» hadi ncha ya mkia wa «g». Maelezo haya yana sauti ya kitaalamu, na mafundi wengi wa mabango huyakubali, lakini hayastahimili rula. Katika Arial, umbali huo ni takribani asilimia 93 tu ya ukubwa ulioandikwa. Zipo fonti ambazo umbali huo hukaribia asilimia 100, na pengine ndizo zinazoipa dhana hii uhai, ilhali baadhi ya fonti za mwandiko wa mapambo hupita kiwango hicho bila haya.

Kinachopimwa hasa ni kitu kisichoonekana. Enzi za uchapaji wa risasi, kila herufi ilisimama juu ya kipande cha madini, na ukubwa wa fonti ulikuwa kipimo cha kipande hicho, si cha sura iliyochongwa juu yake. Fikiria kreti za soda zilizopangwa nyuma ya duka. Anayetaka kujua kreti kumi zitafika wapi ukutani hahitaji kupima chupa. Anapima kreti, kwa sababu ndizo zinazokaliana. Ndani ya kreti hizo chupa zinaweza kuwa fupi au ndefu, na rundo lisibadilike hata kidogo. Mchapaji naye alipanga mistari juu ya mistari, akahitaji kujua ni mingapi itaenea katika ukurasa, hivyo kipimo kilichomfaa kilikuwa cha kreti.

Madini yameondoka, kreti imebaki. Mbunifu wa fonti leo huchora herufi katika mraba wa kufikirika uliogawanywa, mara nyingi, katika vipimo 1000 au 2048, na hakuna kanuni inayomlazimu aujaze. Katika Arial, ambayo mraba wake una vipimo 2048, «H» hupanda hadi takribani 1466, yaani asilimia 71.6. Katika Times New Roman hufika karibu asilimia 66 tu. Ukiandika pointi 283 kwa fonti zote mbili, utapata herufi za vimo viwili tofauti, na programu haitakuwa imekosea.

Wengine hukwepa hesabu kwa kugeuza maandishi kuwa michoro, kisha kuyavuta hadi yafike milimita 100. Hapa kuna mtego ninaoupenda. Chukua mitaa miwili ya Kisumu, Kondele na Nyalenda, uivute yote hadi kimo hicho katika Arial. «Nyalenda» ina «y» yenye mkia, na mkia huo huhesabiwa, hivyo «N» itabaki na milimita 77 hivi, wakati «K» ya Kondele itakuwa na takribani 98. Kwa nini isiwe 100, ilhali Kondele haina mkia? Kwa sababu herufi za mviringo kama «o» na «e» huzama kidogo chini ya mstari wa msingi, yaani mstari ambao herufi husimama juu yake. Wabunifu huzichora hivyo makusudi, maana duara lililolingana kabisa na «H» huonekana dogo kuliko «H». Kuna hata fonti ambazo «k» humzidi «N» kimo: andika «Nakuru» kwa Times New Roman uone.

Njia ninayoiamini sasa ni ya kupima «H» pekee, kwa kuwa ni bapa juu na chini. Andika «H» kwa pointi 100, igeuze kuwa mchoro usio na mstari wa pembeni, kwa sababu mstari huo nao huongeza kimo, kisha usome kipimo chake. Arial hutoa takribani milimita 25.25. Gawanya 100 kwa namba hiyo, zidisha kwa 100, na utapata pointi 396. Hesabu hurudiwa kwa kila fonti, na hata kwa toleo nene la fonti ileile ni salama zaidi kupima upya kuliko kudhani.

Programu ya usanifu ya Illustrator ya siku hizi inaweza kupima kwa kimo cha herufi kubwa moja kwa moja, mradi chaguo hilo liwashwe. AutoCAD, programu ya michoro ya kiufundi, nayo hukusudia kimo cha herufi kubwa tangu mwanzo, ila kwa fonti za TrueType (muundo wa kawaida wa fonti za kompyuta) namba unayoandika huenda ikajumuisha nafasi ya alama za juu, kwa hiyo «H» yangu ya majaribio huwa naipima huko pia.