Bahari Zinazofunguka Nyuma ya Volkano

Bamba moja la dunia, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje, linapozama chini ya jingine, mtu hutarajia ardhi ibanwe, ijikunje na milima iinuke. Kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, ndivyo ilivyo. Lakini nyuma ya visiwa vya Mariana na Tonga katika Pasifiki, upande wa pili wa safu ya volkano, ganda la dunia linavutwa, linakonda, linapasuka, na sakafu mpya ya bahari inatokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanajiolojia Mmarekani Daniel Karig alionyesha kwamba mabonde ya aina hii si vipande vya bahari kuukuu vilivyonaswa nyuma ya visiwa. Ni machanga, na mengine bado yanapanuka.

Siri iko kwenye uzito wa bamba linalozama. Bamba la Pasifiki linapofika kwenye Mfereji wa Mariana, bonde refu la kina kirefu ambamo linaanza kuzama, lina umri wa zaidi ya miaka milioni 150. Limepoa, limekuwa zito, na linadidimia karibu wima kwa uzito wake lenyewe. Kadiri linavyodidimia, mahali linapojikunja panarudi nyuma kuelekea bahari kuu, na bamba la juu linanyooshwa kupafuata. Wakati huohuo, maji yaliyobebwa ndani ya miamba inayozama yanakamuliwa na joto na mgandamizo, yanapanda juu na kuufanya mwamba wa koti la dunia, tabaka lililo chini ya ganda, uyeyuke kwa joto dogo kuliko kawaida yake. Hapo ndipo volkano zinapozaliwa, na hapo ndipo ganda linapokuwa moto na dhaifu. Ndiyo maana mara nyingi ufa unapita kwenye safu ya volkano yenyewe au kando yake. Sehemu moja inaufuata mfereji na kuendelea kulipuka. Nyingine inaachwa nyuma, inazimika na kuzama. Ukingo wa Kyushu-Palau, uliolala chini ya maji kusini mwa Japani, ni safu iliyotelekezwa hivyo.

Mabonde haya hayako katika hatua moja. Bonde la Okinawa, kusini magharibi mwa Japani, bado linanyoosha ganda la bara. Lau, nyuma ya Tonga, limekwisha kuwa na sakafu yake ya lava, na ncha yake ya kaskazini inapanuka kwa takriban sentimita 16 kwa mwaka, kasi ambayo ni sehemu chache sana duniani zinazoifikia.

Wengi huvutiwa na lava, lakini kwa maoni yangu habari za bonde zimehifadhiwa vizuri zaidi kwenye mashapo, yaani mchanga, tope na majivu yaliyotua sakafuni. Chukua kipande cha mwamba kilichochimbwa upande ulio karibu na volkano. Sehemu ya chini ya tabaka utaona changarawe ya lava na vipande vya pumisi, jiwe jepesi la volkano lenye matundu, juu yake mchanga mweusi, halafu majivu laini kama unga. Kisha, bila taarifa, changarawe tena. Kila mzunguko wa namna hiyo ni mkondo mmoja wa tope ulioporomoka mlimani chini ya maji na kutulia. Volkano ya Hunga ya Tonga ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022, mikondo hiyo ilikimbia sakafuni kwa zaidi ya kilomita 120 kwa saa na kukata nyaya za mawasiliano.

Ukivuka upande wa pili wa bonde, mbali na volkano, mambo ni tofauti kabisa. Huko hutua udongo mwembamba na maganda ya viumbe wadogo wa baharini, taratibu mno. Na kina kikizidi, maganda ya chokaa huyeyuka, ukabaki udongo wa kahawia tu. Bonde ni lilelile, umri ni uleule, ila upande mmoja una mamia ya mita za mashapo na mwingine hauna kitu cha kutajika. Asiyelijua hili atadhani anasoma bahari mbili.

Bahari ya Japani ndiyo mfano uliokamilika zaidi. Ilifunguka kati ya takriban miaka milioni 25 na 15 iliyopita, na usumaku uliohifadhiwa kwenye miamba unaonyesha kwamba Japani ya kusini magharibi ilizunguka kufuata mshale wa saa, ya kaskazini mashariki kinyume chake. Mashapo yanakubaliana: chini majivu ya volkano yaliyogeuka kijani, juu yake matope ya bahari iliyozidi kuingia kina, kisha matope yenye daiatomu tele, mwani wadogo sana wenye maganda ya silika. Matope hayo ya daiatomu ni chanzo muhimu cha mafuta ya petroli katika mikoa ya pwani ya Akita na Niigata.

Baadaye kuvutwa kwa ganda kulikoma, na katika miaka milioni chache iliyopita ukingo wa mashariki wa bahari hiyo umeanza kubanwa. Mipasuko iliyoshusha ganda wakati wa kufunguka sasa inalisukuma juu, kwa kuwa ni rahisi kufungua jeraha la zamani kuliko kukata mwamba mzima. Tetemeko la rasi ya Noto, pwani ya magharibi ya Japani, la tarehe 1 Januari 2024, lenye kipimo cha 7.5, lilitokea kwenye mipasuko ya jinsi hiyo. Kabla yake yalitangulia matetemeko ya Mei 1983 na Julai 1993. Wengi huamini kwamba tsunami hutoka upande wa mfereji tu, yaani upande wa Pasifiki, ilhali hapa mipasuko iko jirani na pwani: mwaka 1993 mawimbi yalikipiga kisiwa cha Okushiri dakika chache tu baada ya ardhi kutikisika.