Kimulimuli kwenye gari la kibinafsi hakikupi njia

Malalamiko kuhusu magari ya kibinafsi yenye vimulimuli na ving'ora yamezidi, hasa kutoka kwa wanaotumia Thika Road, Jogoo Road na Mombasa Road jijini Nairobi saa za jioni. Wengine wenye magari hayo wanakimbia foleni tu, na hao wanajijua. Lakini wapo vijana waliofunzwa kuzima moto na kutoa huduma ya kwanza, wanaojitolea mitaani mwao, na wanaoamini kwa dhati kwamba taa ya buluu juu ya Probox itawafikisha mapema. Nia yao hatuitilii shaka.

King'ora na kimulimuli ni vya magari ya polisi, zimamoto na ambulensi, pamoja na mengine yaliyoidhinishwa rasmi. Kadi ya kujitolea hailiingizi gari lako katika orodha hiyo. Wala barua ya mwenyekiti wa mtaa. Wala fulana yenye mistari inayong'aa.

"Mbona Marekani wanaruhusiwa?" Swali hili halikosi katika mafunzo yetu, na kwa kawaida huja na video. Tunaomba wanaotuma video wasome pia sheria. Katika jimbo la New York, mzimamoto wa kujitolea anaweza kuweka taa ya buluu, na wa ambulensi taa ya kijani, ila kwa idhini ya maandishi ya mkuu wa kikosi, ambaye anaweza kuifuta. Taa hiyo ni ya kuomba wenzake wampishe kwa hiari. Haiji na king'ora, na taa za barabarani zikiwa nyekundu anasimama kama sisi wote. Nenda California na taa hiyohiyo ya buluu, utaambiwa hiyo ni rangi ya polisi.

Tena, kule maeneo mengi hutegemea watu wanaotoka nyumbani kwenda kituoni kuchukua gari la kuzima moto. Nairobi si hivyo. Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto mikononi mwa kaunti, na wazimamoto wa zamu huwa tayari kituoni, Tom Mboya Street na kwingineko, pamoja na gari lao. Mbio zako hazimleti dereva wa gari hilo. Mara nyingi zinamzuia.

Gari linalobeba lita 10,000 limebeba tani kumi za maji peke yake, na maji hayo huyumba dereva anapofunga breki. Halisimami ghafla kwa sababu Vitz yenye taa imejitokeza upande usio wake. Baya zaidi, madereva wa jiji wamezoea kudanganywa na taa, kwa hiyo king'ora cha kweli kikilia nyuma yao hawasogei. Ukifika kwenye tukio nako, gari lako linahitaji mahali pa kuegeshwa. Waliofika soko la Gikomba Juni 2018, katika moto ulioua watu 15, wanajua vichochoro vile vina nafasi kiasi gani ya kupitisha mipira ya maji.

Sasa adhabu, kwa kuwa hapa ndipo watu hukisia sana. Kosa la kifaa kisichoruhusiwa ni la kwanza tu. Kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa, na taa yako haikiondoi. Ukiendesha kwa namna ya hatari, kifungu cha 47 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinaruhusu faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili kwa kosa la kwanza. Ukisababisha kifo, kifungu cha 46 kinafika miaka kumi. Hakimu anaweza kuzingatia kwamba ulikuwa unakwenda kuokoa watu, lakini usimtegemee kwa hilo. Bima nayo ina maswali yake: ulilikatia gari bima ya matumizi ya kibinafsi, na mabadiliko hukuyataja.

Wengine hutuuliza wataombaje kibali kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kule unaweza kushughulikia mabadiliko ya rangi, injini au bodi ya gari. Hakuna sehemu ya kujiombea kimulimuli, hata ukitafuta usiku kucha.

Ukiitwa kwenye moto, piga 999 au 112 kwanza, hata kama unadhani jirani ameshapiga. Nenda kwa mwendo wa kawaida. Egesha mbali, upande mmoja wa barabara, usizibe bomba la zimamoto, kisha tembea hadi kwa msimamizi wa tukio umwambie umefunzwa nini. Ukitaka kusafiri chini ya king'ora, jiunge na shirika la huduma za dharura lenye magari yaliyoidhinishwa, ufunzwe, upande gari lao.

Aliyekwisha kufunga taa aende kwa fundi aiondoe pamoja na swichi na nyaya zake. Kuifunika kwa karatasi nyeusi hakutoshi. Na risiti ya duka la Kirinyaga Road iliyoandikwa "taa za mapambo" haimsaidii mtu mbele ya afisa wa trafiki.