Antibayotiki siyo inayookoa mgonjwa wa kipindupindu

Wengi wanadhani ukipata antibayotiki kali basi kipindupindu kimeisha, ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) ni ya kusubirishia tu. Sio hivyo jamani! Bakteria wanakaa utumboni wanamwaga sumu, sumu inalazimisha milango ya kloraidi (sehemu ya chumvi) kwenye ukuta wa utumbo ibaki wazi, chumvi inatoka maji yanaifuata, na mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, choo kinatoka kama maji ya mchele. Antibayotiki kama doksisaiklini inafupisha kuharisha, haifungi ile milango. Ndo maana watafiti wanatafuta dawa ya kuifunga, wengine wanajaribu virusi vinavyoua bakteria. Ila hata zikipatikana zitaongezwa juu ya ORS na dripu, maana ORS na dripu zikiwahi vifo vinashuka chini ya asilimia 1.